Haki ya Jirani Asiye wa Dini Yetu

Hotuba ya Ijumaa iliyotayarishwa kwa ajili ya redio. Kasingirima, Ujiji.

KHUTBA YA KWANZA

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyewaumba wanadamu kwa rangi na ndimi mbalimbali, kisha akawapelekea Mitume wa kuwaongoza. Tunamtakia rehema na amani Bwana wetu Muhammad, aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu, pamoja na jamaa zake, masahaba zake na kila atakayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi ndugu wasikilizaji mlioko majumbani na mashuleni, tunawausia ninyi na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, kwani hiyo ndiyo akiba isiyooza.

Maneno yetu ya leo yametokana na swali. Kijana mmoja, mwanafunzi wa sekondari, alitungoja mlangoni baada ya sala ya alasiri. Jina lake tunalihifadhi. Baba yake ni mtu wa hapa Ujiji. Mama yake ni Muha wa upande wa Kasulu, aliyesilimu alipoolewa. Bibi yake, mzaa mama, amebaki katika dini aliyozaliwa nayo, naye ni Mkatoliki. Bibi huyo aliletwa mjini kutibiwa katika hospitali ya Maweni, na kwa muda wa matibabu akakaa nyumbani kwa mkwewe. Kila jioni alitoa rozari yake akasali kimya kimya chumbani.

Wenzake yule kijana walipopata habari hiyo wakamwambia kuwa nyumba yao imeingia unajisi, na kwamba Muislamu wa kweli hali wala hanywi katika chombo kimoja na asiyekuwa Muislamu. Naye, kwa kuipenda dini yake, akatenga kikombe kimoja kikawa cha bibi peke yake. Alidhani hakuna aliyetambua. Siku ya tatu, bibi alipokwisha kunywa uji, aliinuka mwenyewe kwa taabu, akakisuuza kile kikombe, akakiweka mbali na vikombe vingine, karibu na mlango. Mama yake kijana aliona, akageuka upande wa ukuta akalia, wala hakusema neno.

Kijana akatuuliza: "Masheikh, je, mimi nimeilinda dini yangu, au nimekosa?"

Ndugu zetu, swali hili si la kijana mmoja. Ni swali la mji huu wote. Nani kati yetu hapa hana mjomba, shangazi, shemeji au jirani ambaye Ijumaa haendi msikitini bali Jumapili huenda kanisani? Ujiji ni mji wa Waislamu tangu siku za misafara. Lakini ukipanda milimani kwenda Kasulu, Buhigwe na Kibondo utawakuta Wakristo wengi, nao ni damu yetu. Kwa hiyo yatupasa kulijibu swali hili kwa elimu, si kwa uvumi wa barazani.

Jibu la kwanza tunalipata katika nyumba ya Sayyidna Abubakar. Binti yake, Bibi Asmaa, alijiwa Madina na mama yake mzazi baada ya mapatano ya Hudaybiya. Mama huyo hakuwa hata katika Watu wa Kitabu. Alikuwa mshirikina, mwenye kuabudu masanamu. Alikuja akitaraji wema wa binti yake. Bibi Asmaa aliona shaka, akamwendea Mtume (S.A.W.) kumuuliza kama imfaa kumpokea na kumtendea wema. Mtume akamwamuru aunge udugu na mama yake. Imepokewa hivyo na Imamu Bukhari na Imamu Muslim. Na katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa hatukatazwi kuwatendea wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu. Wako wafasiri waliosema kuwa aya hiyo inahusiana na kisa hicho hicho cha Bibi Asmaa.

Basi tufikiri. Ikiwa mama mshirikina ana haki ya kuungwa na kutendewa wema, itakuwaje kwa bibi kizee Mkristo, mgonjwa, aliyemzaa mama yako na aliyekuja nyumbani kwenu akitafuta tiba?

Jibu la pili linahusu kile kikombe. Aya ya 5 ya Suratul Maida imetuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu kabla yetu, na chakula chetu kikawa halali kwao. Sheria haiwezi kuhalalisha kula pamoja, kisha ikakataza kunywa katika kikombe kimoja kilicho safi. Ama unajisi uliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 28, wanazuoni wengi wameeleza kuwa ni unajisi wa itikadi, si wa mwili. Imepokewa pia kuwa Mtume (S.A.W.) na masahaba zake, walipokuwa safarini wamepungukiwa na maji, waliyatumia maji yaliyokuwa katika kiriba cha mwanamke mshirikina. Kilichokatazwa ni pombe, nguruwe, nyamafu na mfano wa hayo. Na chombo kilichotiwa vitu hivyo huoshwa kikatumika. Mwanadamu mwenyewe hakufanywa najisi. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Israa kuwa amewakirimu wanadamu, naye hakuwataja Waislamu peke yao.

Ndugu wasikilizaji, mtu huweza kusema: "Hayo ni ya Madina, sisi tuko Kigoma." Basi na tuitazame historia ya mji wetu wenyewe, maana nayo ina mafunzo, na mafunzo yake ni ya pande mbili.

Mwaka 1869, mwezi wa Machi, aliletwa hapa Ujiji Mwingereza mmoja akiwa mgonjwa mahututi wa mapafu. Jina lake David Livingstone, mmisionari na msafiri. Aliyemuuguza njiani, akaamuru watu wambebe kwenye machela mpaka akafika ziwani, alikuwa mfanyabiashara Muislamu, Muhammad bin Gharib. Mgonjwa yule hakuwa wa dini yake wala wa nchi yake. Na isitoshe, alikuwa mtu aliyekuwa akiandika barua kwenda Ulaya kuishutumu biashara ya utumwa, biashara ambayo wenye misafara, bin Gharib akiwa mmoja wao, walikuwa wakiifanya. Hata hivyo alimwuguza.

Livingstone alivuka ziwa akaenda nchi ya Manyema. Huko, katika soko la Nyangwe, mwezi wa Julai 1871, aliwaona kwa macho yake watu wa misafara wakiwamiminia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Lazima tuyataje hayo, ndugu zetu, wala tusiyafunike. Wengi wetu katika mji huu asili yetu ni Manyema. Wako wazee wetu waliovuka ziwa kwa hiari yao, na wako waliovushwa kwa nguvu. Waliofanya maovu yale walikuwamo wenye majina ya Kiislamu, na jina la Kiislamu halikuyageuza maovu yakawa wema.

Livingstone akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, amechoka, mwili umebaki mifupa, akitumaini mali aliyotumiwa kutoka Unguja. Mali hiyo ilikuwa amana mikononi mwa mtu mmoja aliyeitwa Sharifu. Alipofika akakuta hakikubaki kitu. Sharifu ameuza nguo na shanga zote, akajinunulia watumwa na pembe. Alipoulizwa, hoja yake ilikuwa kwamba alipiga ramli kwa Msahafu, akaona mwenye mali amekwisha kufa.

Sikieni, Waislamu! Kitabu kilichoteremshwa kuamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, kama ilivyo katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kimefanywa chombo cha kulia amana. Mtu yule alidhani kumdhulumu asiyekuwa Muislamu ni jambo jepesi, na kuchanganya dhulma hiyo na Msahafu ni jambo jepesi zaidi.

Lakini Mwenyezi Mungu hakuuacha mji huu bila shahidi wa upande wa pili. Katika siku zile zile, Mwarabu mmoja mkazi wa hapa, Sayyid bin Majid, alipomkuta yule mgeni faraghani, alimwambia kuwa yeye hana bidhaa, ila ana pembe za ndovu; akamwomba amruhusu auze baadhi ya pembe hizo ampe yeye thamani yake. Mgeni alishukuru, akasema haujafika wakati. Siku chache baadaye akawasili Henry Stanley na msafara wake, na shida ikaondoka. Habari hizi zote Livingstone mwenyewe aliziandika katika shajara yake, nayo ilichapishwa London mwaka 1874, baada ya kifo chake.

Zingatieni jambo hili. Kalamu ya mtu wa dini nyingine iliandika habari za Waislamu wawili wa mji mmoja katika juma moja. Mmoja amebaki katika kitabu hicho akiwa mla amana, na mwingine amebaki akiwa mtu wa ihsani. Wote wawili walisali kuelekea kibla kimoja. Na leo watu wangali wakija Ujiji kutoka pande zote za dunia kuitazama kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, na wasomao kitabu hicho huwasoma Waislamu hawa wawili pamoja.

Majirani zetu leo hawaandiki shajara, lakini wanatutazama. Wakristo wengi wa Kigoma hawatafungua tafsiri ya Kurani maisha yao yote. Uislamu watakaousoma ni mimi na wewe: mizani yetu dukani, ulimi wetu njiani, na salamu zetu mlangoni. Je, tunawasomesha Uislamu wa Sharifu, au wa Sayyid bin Majid?

Wala tusidhani kwamba dini yetu imelichukulia jambo hili kwa wepesi. Katika Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105, mna habari ambayo wafasiri wameieleza hivi: Mtu mmoja wa Madina, akijulikana kwa Uislamu, aliiba deraya, kisha lawama ikatupiwa Myahudi. Jamaa wa mwizi wakaja kumtetea ndugu yao kwa kuwa ni wao, na yule mwingine si wao. Aya zikateremka kumtakasa Myahudi na kumwonya Mtume asiwe mtetezi wa makhaini. Ni Kitabu chetu wenyewe, na ndani yake Mola wetu anamtetea asiyekuwa Muislamu dhidi ya mtu aliyekuwa safu moja nasi. Na imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume (S.A.W.) alitangaza kwamba mwenye kumdhulumu mtu wa ahadi, au kumpunguzia haki yake, basi yeye Mtume mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama. Ndugu zetu, sote tunamtaraji Mtume awe mwombezi wetu siku hiyo. Ni msiba ulioje kumkuta amesimama upande wa mshitaki!

Sasa tunaingia katika jambo la ulimi. Mji wetu na mkoa wetu una historia katika mihadhara ya kulinganisha dini. Wahubiri wawili waliojulikana sana katika miaka ya 1980, Ngariba Mussa Fundi na Kawemba Mohamed Ali, waliotokea pande zetu hizi za Kigoma, waliandika kitabu kiitwacho Uislamu katika Biblia, na mihadhara ya namna yao ilienea Tanzania, Kenya na kwingineko. Wakristo nao wakaanzisha mikutano yao ya kujibu. Hatusemi kuwa kujadiliana ni haramu. Suratul Ankabut, aya ya 46, inaturuhusu kujadiliana na Watu wa Kitabu, lakini imeweka sharti: iwe kwa njia iliyo bora. Sharti likivunjika, ruhusa nayo huondoka.

Na njia iliyo bora haimo katika kumcheka mtu kwa kipaza sauti mbele ya watoto wake. Haimo katika kuzitukana sala za watu wala kukidhihaki kile wanachokitukuza. Katika Suratul An'aam, aya ya 108, tumekatazwa kuyatukana hata masanamu ya washirikina, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa ujinga. Basi anayemtukana Mkristo barazani, kisha Mkristo akaitukana dini yetu, ajue kuwa ameshiriki katika tusi hilo la pili.

Tumeona hapa nchini jinsi cheche ndogo zilivyochoma nyumba. Mwezi wa Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya Msahafu ulifuatiwa na makanisa kuvunjwa na kuchomwa moto. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere, mkoani Geita, mabishano juu ya nani mwenye haki ya kuchinja yalifikia mahali pa mchungaji kuuawa. Mwezi wa Mei mwaka huo huo bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Arusha, siku ya ibada, na watu wakafa. Ni aya gani iliyoruhusu hayo? Suratul Hajj, aya ya 40, imetaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti mahali pamoja, kuwa ni nyumba ambazo Mwenyezi Mungu huzikinga zisibomolewe kwa kuwazuia watu waovu kwa watu wengine. Anayelichoma kanisa hajaulinda msikiti. Amefungua mlango wa msikiti wake kuchomwa.

Na mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tarehe 15 Machi 2019, huko Christchurch, New Zealand, mtu mmoja mwenye chuki aliingia katika misikiti miwili wakati wa sala ya Ijumaa akawaua Waislamu 51. Siku zilizofuata, watu wa dini nyingine wa nchi hiyo, maelfu kwa maelfu, walikuja kusimama pamoja na waliofiwa. Na wengine walijipanga nje ya misikiti ili Waislamu wasali kwa amani. Sisi tuliposikia habari hizo tulifurahi, tukasema huo ndio ubinadamu. Basi lililo zuri tunapotendewa na wengine haliwezi kuwa baya tunapotakiwa kulitenda sisi.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya Uislamu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu, wako watakaouliza: "Je, maneno haya hayatufikishi mahali pa kusema kwamba dini zote ni moja?" Hapana. Kuvumiliana si kuchanganya dini. Sisi tunaamini kwamba Mwenyezi Mungu ni Mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, na kwamba Muhammad ni Mtume wake wa mwisho. Hatulifichi hilo, wala hatuliuzi kwa bei ya urafiki. Sala yetu ni yetu na ibada yao ni yao. Hivyo ndivyo ilivyobainishwa katika Suratul Kaafirun. Muislamu hashiriki ibada ya dini nyingine, wala halazimiki kunywa wala kula kilichoharamishwa ati kwa kuwaridhisha wenyeji wake. Aseme kwa adabu: "Hiki dini yangu hainiruhusu," na mwenzake mwenye murua atamwelewa.

Lakini itikadi kuwa thabiti hakudai moyo kuwa mgumu. Suratul Baqara, aya ya 256, imeondoa kulazimishana katika dini. Suratu Yunus, aya ya 99, imemuuliza Mtume mwenyewe kama yeye atawalazimisha watu mpaka waamini. Ikiwa Mtume hakupewa kazi hiyo, nani ametupa sisi? Nayo Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, imempa kila mtu uhuru wa kuamini na kuabudu. Uhuru huo ndio unaotuwezesha kuadhini hapa Kasingirima mara tano kila siku; hatuwezi kuushika kwa mkono mmoja na kumnyima mwenzetu kwa mkono wa pili.

Yapo mambo ambayo twaweza kuyafanya tangu leo, wala hayahitaji fedha.

Kwanza, jirani akiugua, akaguliwe. Mtume (S.A.W.) alimzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, alipokuwa mgonjwa. Wodini Maweni vitanda havikupangwa kwa dini. Nasi pia mara nyingi tumewapeleka wagonjwa wetu Kabanga na Heri, hospitali zilizoanzishwa na wamisionari, wakapokewa wakatibiwa.

Pili, jirani akifiwa, tumpe pole, tumsaidie maji, kuni na viti, na tukae naye. Sala ya jeneza ni ibada, nayo ina mipaka yake. Lakini pole ni haki ya ubinadamu. Imepokewa kuwa lilipita jeneza, Mtume (S.A.W.) akasimama. Akaambiwa kuwa ni la Myahudi. Akawauliza masahaba zake kama hiyo nayo haikuwa nafsi.

Tatu, sokoni na mwaloni tuwe waadilifu. Wavuvi wa Kibirizi hutoka usiku na taa zao, Muislamu na Mkristo katika chombo kimoja, wakavuta wavu mmoja. Dagaa na migebuka hawaulizi nani kawavua. Ziwa likichafuka linawachafukia wote. Basi wakigawana asubuhi, mtu asipunjwe kwa kuwa shingoni mwake mna msalaba.

Nne, wazazi na walimu wa madrasa tuwafundishe watoto dini yao kabla ya kuwafundisha makosa ya dini za wengine. Mtoto asiyejua nguzo za udhu wake, lakini amehifadhi namna ya kumfedhehesha Mkristo, huyo hatukumfundisha dini, tumemfundisha ugomvi.

Na tano, tuanze na nyumba yetu wenyewe. Tutawezaje kuvumiliana na watu wa dini nyingine nasi hatuvumiliani wenyewe kwa wenyewe? Huyu anasoma kunuti ya alfajiri, yule hasomi. Huyu yuko katika twarika na dhikri, yule anaziona ni uzushi. Hawa wamefunga kwa mwezi ulioandamwa nchi nyingine, wale wanangoja uonekane hapa. Maimamu wakubwa wanne walikhitalifiana katika matawi ya sheria, wala hakuna aliyemtoa mwenzake katika Uislamu. Imamu Shafii alikuwa mwanafunzi wa Imamu Malik, wakakhitalifiana kwa elimu, na heshima ikabaki. Suratul Hujuraat, aya ya 11 na ya 12, imetukataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, kudhaniana vibaya na kusengenyana. Tukizishika aya hizo mbili tu, nusu ya migogoro ya misikiti yetu itakwisha.

Ndugu wasikilizaji, tusidhani kuwa mambo haya ni ya hotuba tu. Ng'ambo ya mpaka wako ndugu zetu waliotahiniwa kwa damu. Machafuko yalipozuka Burundi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, mwezi wa Oktoba 1993, mitaa mingi ya Bujumbura ilitengana kwa makabila. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wenye watu ambao wengi tuna nasaba nao hapa Ujiji, ulibaki mtaa wa mchanganyiko, na Wahutu na Watutsi wakapata hifadhi humo. Nchini Rwanda mwaka 1994, Waislamu wengi walisifiwa kwa kuwaficha waliokuwa wakiwindwa, bila kuwauliza kabila wala dini. Hatusemi kila Muislamu alikuwa mwema siku zile. Tunasema kwamba waliokuwa wema walijifunza wema huo mapema, nyumbani na msikitini, kabla siku ya mtihani haijafika.

Nasi hapa mtihani wetu ulikuja mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipomiminika kwa makumi ya maelfu katika kijiji kidogo cha Kagunga, baina ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa ikienda na kurudi kuwaleta Kigoma, wakapumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Wengi wao walikuwa Wakristo. Mtoto mwenye kiu pale uwanjani hakuwa na alama ya dini usoni. Alikuwa na kiu tu. Na bakuli la uji alilopewa mtoto huyo, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, litapatikana limeandikwa.

Sasa tumrudie kijana wetu. Tulimwambia hivi: "Mwanetu, nia yako ilikuwa njema, lakini tendo lako lilikosea. Uliogopa kuichafua dini yako kwa kikombe, ukaichafua kwa moyo wa bibi yako. Rudi nyumbani. Usimwombe radhi kwa maneno marefu, maana wazee hawayahitaji. Kichukue kile kikombe ukirudishe kati ya vikombe vingine. Kisha mimina chai, mpe bibi yako kwa mikono miwili, nawe ukae karibu naye unywe. Akisali kwa njia yake, mwache. Wakati wako wa sala ukifika, tandika mswala wako usali, naye akuone. Na umwombee Mwenyezi Mungu amponye na amwongoe, kwani uongofu uko mikononi mwa Mola, haumo mikononi mwako."

Yule kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kesho anarudi Kasulu." Tukamwambia: "Basi leo usichelewe njiani." Akaondoka mbio, viatu mkononi.

Nawe unayetusikiliza, huenda kwako pia kiko kikombe kilichotengwa. Huenda si kikombe. Huenda ni salamu uliyoikata, msiba uliopita mbele yake bila kusimama, au deni la jirani unalolidharau kwa kuwa si wa dini yako. Bibi wa mwenzako anarudi kesho. Wa kwako huenda anarudi leo.

Ewe Mola wetu, tuthibitishe katika dini yako na utuondolee kiburi. Ewe Mola, tujaalie tuwe watu wa amana kwa kila aliyetuamini, awe wa dini yetu au asiwe. Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa majirani zetu, warehemu maiti wetu, na uwaongoe viongozi wetu watuongoze kwa uadilifu. Ewe Mola, ihifadhi Tanzania na nchi zote za Maziwa Makuu na fitina za dini na za kabila, na uwarudishe wakimbizi makwao kwa amani. Umteremshie rehema na amani Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni mkasali.